Je, Kibao chenye Feni Huipoza Kompyuta ya Mpakato?

Katika maduka ya vifaa vya kompyuta huuzwa kibao chembamba chenye feni moja, mbili au zaidi, ambacho huwekwa chini ya kompyuta ya mpakato ili kuipoza. Muuzaji husema kwamba kibao hicho hupunguza joto na kurefusha maisha ya chombo. Mnunuzi mmoja akishakitumia hukisifu. Mwingine hudai kwamba fedha zake zimepotea bure. Huenda wote wawili wanasema kweli kwa jinsi walivyoona, lakini aghalabu hakuna hata mmoja aliyepima. Kwa shule yenye kompyuta 20 katika chumba chenye paa la bati, na yenye fungu dogo la fedha, jambo hili si la mzaha. Fedha za vibao 20 zingeweza kununua vitabu au kemikali za maabara. Kwa upande mwingine, kompyuta zinazofanya kazi katika joto kali bila msaada wowote nazo ni hasara.

Makala haya yanakusudia kueleza namna swali hili linavyoweza kujibiwa kwa jaribio ambalo wanafunzi wa sekondari wanaweza kulifanya wenyewe. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: kompyuta, kibao, kipimajoto cha maabara, saa, na vipande viwili vya mbao. Kinachohitajika zaidi ni mpango mzuri wa fikra, maana jaribio hili, ijapokuwa laonekana jepesi, lina mitego kadhaa ambayo humnasa mtu mwenye haraka.

JOTO HUTOKA WAPI?

Kompyuta haisukumi mzigo wala haipandishi maji. Nishati ya umeme inayoingia ndani yake, ukiondoa kiasi kidogo kinachotoka kama mwanga na sauti, na kile kinachowekwa akiba katika betri, yote hugeuka kuwa joto. Mwanasayansi wa Uingereza, James Prescott Joule, alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba mkondo wa umeme unapopita katika waya wenye ukinzani huzalisha joto kwa kiasi kinachoweza kupimwa na kukokotolewa. Kwa hiyo mpakato unaotumia wati 40 ni, kwa macho ya fizikia, hita ndogo ya wati 40.

Sehemu kubwa ya joto hilo huzaliwa katika kichakataji, yaani kipande cha silikoni kinachofanya hesabu za kompyuta. Ndani yake mna transista mabilioni ambazo hujiwasha na kujizima mara nyingi mno katika kila sekunde. Kila badiliko hutumia chembe ya nishati. Nguvu inayotumika kwa njia hii hulingana na kasi ya mapigo ya kichakataji ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha volteji. Msomaji aikumbuke kanuni hii, kwani tutaihitaji mbele.

Ili kupata picha ya ukubwa wa tatizo, tufanye hesabu fupi. Pasi ya umeme ya wati 1000 yenye uso wa sentimita za mraba 200 hutoa wati 5 katika kila sentimita ya mraba. Kichakataji kinachotumia wati 30, chenye eneo la sentimita za mraba 1.5, hutoa wati 20 katika kila sentimita ya mraba. Uso wake, basi, hutoa joto mara nne zaidi ya uso wa pasi, kwa eneo lile lile. Bila njia ya kulitoa joto hilo, kichakataji kingeungua katika muda mfupi.

Joto hutoka kwa njia zile tatu zinazofundishwa darasani. Kwanza ni mpitisho: joto hupita kutoka kwenye silikoni hadi kwenye bamba la shaba, kisha hufuata bomba la shaba lililozibwa pande zote, lenye kimiminika kidogo ndani. Kimiminika hicho huvukiza upande wenye moto na kutonea upande wa baridi, hivyo kusafirisha joto kwa wepesi. Pili ni myuko: feni ya ndani husukuma hewa kati ya mapezi membamba ya chuma yaliyo mwisho wa bomba, na hewa hiyo iliyopata moto hutolewa nje kupitia matundu. Tatu ni mnururisho: bodi ya nje ya kompyuta hutoa kiasi fulani cha joto kwa mawimbi yasiyoonekana kwa macho.

KANUNI ITAKAYOTUONGOZA

Mnamo mwaka 1701 Isaac Newton alieleza kwamba kitu chenye moto hupoteza joto kwa mwendo unaolingana na tofauti kati ya jotoridi lake na jotoridi la hewa inayokizunguka. Kanuni hii si kamilifu kwa hali zote, lakini yatosha kwa kazi yetu. Yaweza kuandikwa kwa sura ambayo wanafunzi wa umeme wataitambua mara moja:

Tofauti ya jotoridi = nguvu × ukinzani wa joto.

Tofauti ya jotoridi imechukua nafasi ya volteji, na nguvu katika wati imechukua nafasi ya mkondo. Ukinzani wa joto hupimwa kwa nyuzi kwa kila wati. Tuchukue mfano wa kufikirika. Kichakataji kinatumia wati 30, chumba kina nyuzi 28 za Sentigredi, na kichakataji kimetulia katika nyuzi 88. Tofauti ni nyuzi 60. Kwa hiyo ukinzani wa joto ni 60 ÷ 30, yaani nyuzi 2 kwa kila wati.

Sasa twaweza kuliweka swali letu katika lugha ya kisayansi. Kibao chenye feni hakizalishi baridi. Hewa inayotoka kwenye feni ina jotoridi lile lile la hewa ya chumba, kama pangaboi la darasani ambalo huburudisha watu bila kuipoza hewa. Kwa hiyo kibao hakiwezi kamwe kuishusha kompyuta chini ya jotoridi la chumba. Kinachoweza kufanya ni kupunguza ukinzani wa joto. Swali basi ni hili: hupunguza kwa kiasi gani, na je, kiasi hicho kinastahili bei yake?

MTEGO WA KWANZA: HEWA YA CHUMBA

Tuseme kibao chetu hupunguza ukinzani kutoka nyuzi 2 hadi nyuzi 1.8 kwa kila wati. Kwa wati 30, tofauti na chumba itapungua kutoka nyuzi 60 hadi 54. Faida ya kweli ni nyuzi 6.

Mwanafunzi wa kwanza anapima bila kibao asubuhi, chumba kikiwa na nyuzi 26, anapata 86. Anapima tena akiwa na kibao alasiri, chumba kikiwa na nyuzi 31, anapata 85. Anaandika kwamba kibao kinashusha nyuzi 1 tu. Mwenzake anageuza utaratibu: anapima na kibao asubuhi, anapata 80, kisha bila kibao alasiri, anapata 91. Anaandika kwamba kibao kinashusha nyuzi 11. Kompyuta ni ile ile na kibao ni kile kile, lakini mmoja atakilaumu na mwingine atakisifu. Hapa ndipo penye chanzo cha mabishano mengi.

Dawa ya mtego huu ni rahisi. Kila unaposoma jotoridi la kichakataji, soma pia jotoridi la chumba, kisha uandike tofauti. Kipimajoto kiwekwe mahali pasipofikiwa na jua wala na hewa ya moto inayotoka kwenye kompyuta.

MTEGO WA PILI: HARAKA

Jotoridi la kichakataji huruka juu katika sekunde chache za kwanza, kisha huendelea kupanda polepole kadiri shaba, mapezi na bodi nzima vinavyopata moto. Tuseme mfumo huo huchukua dakika 6 kufikia asilimia 63 ya safari yake. Baada ya dakika 18 utakuwa umefikia asilimia 95, na baada ya dakika 30 utakuwa umepita asilimia 99. Anayesoma baada ya dakika 5 anapima safari, hajapima mwisho wake. Kwa sababu hiyo kila kipimo kipewe nusu saa, na masomo yachukuliwe katika dakika 5 za mwisho. Ikiwa katika dakika hizo jotoridi bado linapanda kwa zaidi ya nyuzi 1, muda uongezwe.

MTEGO WA TATU: KOMPYUTA HUJITETEA

Mtego huu ndio mkubwa kuliko yote. Fikiria mtu anayetaka kujua kama upepo wa feni humburudisha binadamu, naye akapima kwa kipimajoto cha kwapani. Atapata takriban nyuzi 37 kabla na baada. Je, aseme kwamba feni haina kazi? La, hasha. Mwili hulinda jotoridi lake kwa kutoa jasho. Feni ikipuliza, jasho hupungua. Aliyepima jotoridi peke yake amepima kitu ambacho mwili umekataa kukibadilisha.

Kompyuta nayo ina jasho lake, tena la namna mbili. Kwanza, feni ya ndani huongeza au kupunguza kasi kufuatana na joto. Kibao kikisaidia, huenda feni ya ndani ikapunguza mwendo, na jotoridi likabaki karibu pale pale. Faida itakuwa ni ukimya. Pili, kichakataji kikifikia kikomo chake, ambacho katika kompyuta nyingi ni karibu nyuzi 100, hupunguza kasi ya mapigo na volteji ili kisiungue.

Tuone hesabu yake. Chumba kina nyuzi 32, ukinzani ni nyuzi 2 kwa wati, na kazi inadai wati 40. Jotoridi lingefika 32 + 80, yaani nyuzi 112, jambo ambalo haliruhusiwi. Kichakataji kitajibana hadi wati 34, na jotoridi litakuwa nyuzi 100 kamili. Weka kibao, ukinzani ushuke hadi 1.8. Wati 40 zingeleta nyuzi 104, bado ni zaidi ya kikomo. Kichakataji kitatumia karibu wati 37.8, na jotoridi litakuwa, kwa mara nyingine, nyuzi 100. Kipimajoto kinasema kibao hakikufanya lolote. Kumbe kimeruhusu nguvu zaidi kwa asilimia 11. Kasi ya kazi itaongezeka pia, ingawa kwa asilimia ndogo zaidi, kwa sababu ya kile kipeo cha pili cha volteji tulichokitaja.

Hivyo basi hapana budi kupima mambo mawili kwa pamoja: jotoridi, na kiasi cha kazi iliyofanyika. Kama inawezekana, mwendo wa feni ya ndani nao uandikwe.

MTEGO WA NNE: MAMBO MAWILI KATIKA KIFAA KIMOJA

Kibao hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: huinua kompyuta kutoka mezani, na hupuliza hewa. Kompyuta nyingi huvuta hewa kupitia matundu ya chini. Zikilala bapa juu ya meza, au mbaya zaidi juu ya godoro au kitambaa, matundu hayo hukosa pumzi. Ikiwa faida yote hutokana na kuinuliwa, vipande viwili vya mbao vitatosha, navyo havina bei. Anayelinganisha kibao na meza tupu hawezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililofanya kazi.

Kabla ya jaribio yafaa kujua hewa inaingilia wapi. Chukua ukanda mwembamba wa karatasi ya shashi, uushike karibu na kila tundu wakati feni ya ndani inazunguka. Palipo na mlango wa kuingilia, karatasi itavutwa. Palipo na mlango wa kutokea, itasukumwa. Ikiwa milango ya kuingilia haipo chini, tutarajie kwamba kibao kitaipoza bodi ya nje na kumpunguzia mtumiaji joto la mapajani na mikononi, lakini hakitakifikia sana kichakataji.

MPANGO WA JARIBIO

Tupime hali tatu: kompyuta juu ya meza, kompyuta juu ya vipande vya mbao vyenye kimo sawa na kibao, na kompyuta juu ya kibao feni zikizunguka. Mambo mengine yote yabaki sawa. Betri ijazwe kwanza, kwa kuwa kuchaji nako huleta joto. Waya wa umeme ubaki umechomekwa. Mwanga wa kioo na mpangilio wa matumizi ya nguvu visibadilishwe. Feni za kibao zipewe umeme kwa njia ile ile itakayotumiwa siku zote. Tundu la kawaida la USB la aina ya 2.0 hutoa volti 5 na mkondo usiozidi ampea 0.5, yaani wati 2.5, kiasi hicho hutoka katika kompyuta yenyewe, na anayetumia betri atakiona.

Kompyuta ipewe kazi isiyobadilika. Programu fupi inayotafuta namba tasa zote zilizo chini ya milioni moja, kisha ikaanza upya bila kukoma, yafaa sana. Kwa vile vichakataji vya siku hizi vina viini kadhaa, nakala kadhaa za programu ziendeshwe pamoja ili viini vyote vifanye kazi. Idadi ya mizunguko iliyokamilika katika dakika 5 za mwisho ndiyo kipimo chetu cha kazi. Jotoridi la kichakataji husomwa kwa programu zinazopatikana bila malipo, ambazo huchukua habari kutoka kihisi kilichomo ndani ya silikoni. Kihisi hicho chaweza kukosea kwa nyuzi kadhaa, lakini kwa kuwa ni kile kile katika hali zote, sehemu kubwa ya kosa lake huondoka tunapotoa kipimo kimoja katika kingine. Haifai kulinganisha kompyuta mbili tofauti kwa njia hii.

Duru moja iwe na hali zote tatu, na duru ziwe sita. Mpangilio katika kila duru usichaguliwe na mwanafunzi. Aandike majina ya hali tatu kwenye vikaratasi, avikunje na kuchagua bila kuangalia. Mwanatakwimu Ronald Fisher wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1935 juu ya upangaji wa majaribio, alisisitiza kwamba bahati nasibu ya namna hii humzuia mtafiti kuingiza upendeleo wake bila kujua. Kwa nusu saa kila kipimo, duru mbili huchukua saa tatu, na kazi yote yaweza kumalizika kwa siku tatu.

KUSOMA MATOKEO

Mwishoni tutakuwa na tofauti sita kati ya mbao na kibao. Tuseme darasa moja limepata kwamba kibao kimeshusha nyuzi 4, 6, 5, 7, 3 na 5. Wastani ni 5. Darasa jingine limepata 14, −3, 12, −4, 13 na −2. Wastani hapa pia ni 5. Je, matokeo haya mawili yana uzito sawa?

Hayana. Kama kibao hakina athari yoyote, kila duru ingekuwa sawa na kurusha sarafu: nusu ya mara kingeonekana kusaidia, nusu ya mara kudhuru. Uwezekano wa kupata jibu la kusaidia mara sita mfululizo ni 1 katika 64. Darasa la kwanza lina haki ya kusema kwamba bahati tupu ni maelezo dhaifu. Darasa la pili limepata tatu kwa tatu, na wastani wake hauna msingi. Yafaa litafute kitu kilichobadilika kati ya duru na duru, kwa mfano dirisha lililofunguliwa. Lau kama mara tano kati ya sita zingeonyesha faida, uwezekano wa kupata matokeo kama hayo au bora zaidi kwa bahati ni 7 katika 64, na busara ingekuwa kuongeza duru.

Historia ya nchi yetu ina mfano unaohusu jambo hili hili la kupoa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, aliona kwamba maziwa yake ya moto yaliganda kuwa aiskrimu kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Alichekwa, lakini hakuliacha swali lake. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, naye akaamua lijaribiwe maabara. Makala yao ikatoka mwaka 1969. Mjadala haujakwisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walionyesha kwamba tofauti ndogo tu ya kimo cha kipimajoto ndani ya chombo yaweza kuleta matokeo yanayofanana na jambo hilo hata kama halipo. Tunajifunza kwamba swali la mwanafunzi halidharauliwi, na kwamba jibu lake halitolewi kabla ya kuchunguza kipimajoto kilikaa wapi.

UAMUZI

Baada ya jaribio, mwalimu ataweza kutoa ushauri wenye msingi. Ikiwa mbao zimeleta karibu faida yote, shule inunue mbao, au itumie mabaki ya karakana. Ikiwa kibao kimeongeza faida iliyo wazi juu ya ile ya mbao, kwa jotoridi au kwa kazi, basi bei yake ijadiliwe. Ikiwa hali zote tatu zinakaribiana na kompyuta bado imo katika kikomo chake, dalili ni kwamba joto limezuiwa ndani, aghalabu na vumbi lililoziba mapezi. Hapo dawa ni fundi mwenye brashi, wala si feni ya nje. Jaribio lirudiwe baada ya kusafisha, na hesabu za kabla na za baada ziwekwe pamoja katika daftari la maabara, ili darasa litakalofuata lianzie pale lilipoishia hili.